Mti Usio na Namba

Wameniomba nizungumze na wahitimu, dakika kumi.
"Bi Raushan, waambie namna ya kuishi vyema."
Nimekaa mezani tangu alfajiri, chai imepoa.
Ni Aprili, na theluji bado yamwagika
kama unga mkononi mwa mtu asiyejua kupima.
Karatasi yangu imeishinda kwa weupe.

Miaka thelathini na tisa niliyahesabu matufaha ya mwituni
katika mabonde yaliyo juu ya Almaty:
uzito, kipenyo, uchachu, rangi ya nyama,
idadi ya mbegu, wadudu waliotangulia kula.
Niulize habari za mti namba mia nne na kumi na mbili,
nitakutajia mwaka uliozaa na mwaka uliogoma.
Niulize siku binti yangu alipong'oka jino la kwanza.
Hapo daftari ni tupu.

Husemwa maji hufuata mkondo.
Tufaha halijapata kuisikia methali hiyo.
Panda mbegu kumi za tunda moja tamu,
utavuna miti kumi isiyojuana:
huu mkali wa kukunja uso,
huu wenye vitunda kama ushanga,
huu mnene usio na ladha, kama salamu za mkurugenzi.
Ukiutaka utamu uleule sharti ukate kijiti,
ukifunge kwenye shina la mwingine,
upake nta,
usubiri jeraha likubali.

Hayo niliyaandika ubaoni kila Septemba,
kisha nikarudi nyumbani kumkemea Aizada:
kwa nini hesabu zinamshinda,
kwa nini anacheka kwa sauti ya shangazi yake,
kwa nini ameridhika kushona mapazia
ya jumba la michezo ya kuigiza.
Mganga hajigangi.

Nilipostaafu, taasisi ilinipa masanduku kumi na saba.
Rafu hazitoshi, walisema.
Ni mimea niliyoikausha tangu mwaka wa sabini na nne,
kila tawi limelala ndani ya gazeti la siku yake.
Usiku nayafungua. Si kwa ajili ya majani;
majani nayajua.
Nasoma magazeti.
Kumbe juma lile nilipokuwa bondeni na mizani yangu
mvua ya mawe ilivunja vioo vya soko zima,
mwalimu mmoja wa hesabu alitimiza miaka mia,
na mtu fulani alitangaza amepoteza kodiani
kwenye treni ya saa mbili usiku,
atakayeiona airudishe, hata ikiwa imeharibika.
Hata ikiwa imeharibika!
Nililaza maua juu ya maisha ya watu
nisisome hata mstari.

Orazbek, Mungu amrehemu, alikula tufaha lote,
moyo na mbegu, akabakiza kikonyo.
Nikimwambia mbegu zina chembe ya sumu,
hujibu, "Nimekuoa wewe, nitaogopa mbegu?"
Nilicheka mara moja tu. Mara nyingine zote
nilikuwa naandika.

Jana Aizada alikuja kunipimia dirisha pazia.
Kamba ya kupimia shingoni, pini mdomoni,
akachungulia nje, akaniuliza:
"Mama, ule ni namba ngapi?"
Ule wa chini ya dirisha. Umeota wenyewe,
alipotema mbegu akiwa na miaka sita,
nami nikamgombeza kwa tabia mbaya.
Nikasema, "Hauna namba."
Akatoa pini mdomoni, akanitazama
kama mtu aliyepewa zawadi asiyojua pa kuiweka.

Basi nimeandika sentensi mbili, nimezifuta zote.
Nitawapelekea kapu.
Matufaha ya mti ule yako stoo tangu Oktoba,
yamenywea ngozi kama mimi,
uchachu umepungua, haujaisha.
Sitawaambia ni matamu.
Waume, wakunje nyuso,
na dakika zilizobaki niwaulize majina yao,
mmoja mmoja, bila kuandika.